Nyimbo zile zile, sauti tofauti: kinachoibadilisha bendi ya roki ikiwa ziarani

Bendi ya roki inapokuwa ziarani hubeba karibu kila kitu chake: magitaa, amplifaya, dramu, maiki, miksa, hata faili lenye mipangilio ya jana usiku. Nyimbo ni zile zile, wapigaji ni wale wale. Lakini Jumanne kila neno la mwimbaji linasikika hadi safu ya mwisho, na Jumatano besi inameza kila kitu. Lawama ya kwanza huangukia miksa na aliyesimama nyuma yake. Mimi miksa naiweka mwisho. Kabla feda, kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti kwenye miksa, haijasogezwa, sauti imeshaamuliwa na ukumbi, hewa, umeme, na kelele ambayo bendi yenyewe inaitoa jukwaani.

Ukumbi, na hasa besi ndani yake

Ukumbi hupimwa kwanza kwa muda wa mwangwi, yaani sekunde ambazo sauti huchukua kushuka desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) baada ya chanzo kunyamaza. Kanuni ya Wallace Sabine, mwanafizikia wa Harvard, ina zaidi ya miaka 100 na bado inafaa: zidisha ujazo wa ukumbi kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya ufyonzaji wake. Ukumbi mtupu wa mita za ujazo 6,000 wenye ufyonzaji wa mita za mraba 480 unavuma kwa sekunde 2. Wakiingia watu 700 na nguo zao, ufyonzaji ukapanda hadi 800, mwangwi unashuka hadi sekunde 1.2. Ndiyo maana saundicheki, jaribio la sauti kabla ya onyesho, ya alasiri, ukumbi ukiwa na mafundi wachache tu, hudanganya.

Lakini hudanganya upande mmoja. Miili ya watu hufyonza masafa ya kati na ya juu. Chini ya Hz 125 (mitetemo 125 kwa sekunde) hufyonza kidogo sana, kwa hiyo umati ukishaingia, sauti za juu zinanywea na besi inabaki pale pale. Fundi aliyeridhika na uwiano wa alasiri anajikuta usiku ana besi nyingi kuliko alivyopanga, ingawa hakugusa kitu.

Kwa roki hili ni zito kuliko kwa muziki wa taratibu. Chukua wimbo wa mapigo 140 kwa dakika. Kati ya pigo na pigo kuna sekunde 0.43. Kama ukumbi unavuma sekunde 2.5 kwenye masafa ya kiki, dramu kubwa inayopigwa kwa mguu, pigo la kwanza limeshuka desibeli 10 tu wakati la pili linagonga. Mapigo yanapandana, gitaa la besi linaongezwa juu yake, na kinachotoka ni mngurumo mmoja usio na mwanzo wala mwisho. Katika ukumbi wa sekunde 0.8 pigo hilo lingekuwa limeshuka desibeli 32, na kila mguu wa mpiga dramu ungesikika umesimama peke yake. Kumbi za michezo, zenye kuta za zege na paa la chuma, ndizo mbaya zaidi, kwa sababu karibu hazina kitu kinachofyonza masafa ya chini.

Kosa la kawaida hapo ni kuongeza kiki kwa sababu haisikiki vizuri. Haisikiki kwa kuwa imezama ndani ya mvumo wake yenyewe, na ukiiongeza mvumo nao unapanda. Fanya kinyume. Shusha sabufa, yaani spika za besi, desibeli 3 hadi 6. Weka blanketi au mto ndani ya kiki uguse ngozi zote mbili, ili mlio uwe mfupi tangu kwenye chanzo. Kaza geti, kifaa kinachofunga maiki pigo likishapita. Kisha ongeza kidogo kati ya kHz 3 na 4 (Hz 3,000 na 4,000), pale penye mlio wa nyundo inapogonga ngozi, kwa sababu sikio hulitambua pigo kwa mlio huo kuliko kwa tetemeko. Kata chini ya Hz 100 kwenye magitaa na chini ya Hz 120 hadi 150 kwenye sauti za waimbaji. Maiki ya mwimbaji iliyoachwa wazi chini inaokota kiki na sabufa bila kukupa faida yoyote. Halafu amua nani anamiliki Hz 60, kiki au gitaa la besi. Wote wawili hawatoshi mahali hapo katika ukumbi unaovuma. Mpiga besi akikubali kutumia kipande cha plastiki cha kupigia badala ya vidole na kuzima nyuzi kwa kiganja kati ya noti, amekusaidia kuliko ekwalaiza (kifaa cha kupandisha na kushusha masafa) yoyote.

Spika kuu nazo zielekezwe kwa watu. Kila desibeli inayogonga paa au ukuta wa nyuma inarudi ikiwa mwangwi. Kuinamisha spika za juu nyuzi chache ziishie kwenye safu ya mwisho, badala ya kuishia ukutani, husafisha maneno ya nyimbo mara moja.

Sabufa zina shida yao ya pili. Zikipangwa mafungu mawili, kushoto na kulia, mawimbi yake yanakutana sawasawa kwenye mstari wa katikati tu. Tuseme mafungu yako umbali wa mita 12 na msikilizaji yuko mita 15 kutoka mbele ya jukwaa. Akisogea mita 4 pembeni, njia ya fungu moja inakuwa ndefu kuliko ya jingine kwa mita 2.9, ambayo ni karibu nusu ya wimbi la Hz 60. Mawimbi hayo yanafutana na kiki inatoweka. Sasa fikiria fundi amesimama katikati kabisa, pale besi inapojumlika. Anaona imezidi, anaipunguza, na watu wa pembeni ambao tayari walikuwa na kidogo wanabaki bila chochote. Dawa ni kuzipanga sabufa mstari mmoja mbele ya jukwaa, pengo kati ya moja na nyingine lisizidi nusu ya wimbi la masafa ya juu zaidi zinayopiga. Zikikatwa kwenye Hz 100, hiyo ni mita 1.7. Isipowezekana, angalau tembea. Fundi asiyeondoka kwenye miksa wakati wa saundicheki anachanganyia mtu mmoja, naye ni yeye mwenyewe.

Kuna pia mpangilio wa sabufa tatu ambapo moja inageuzwa nyuma, inacheleweshwa na kupinduliwa polariti (koni yake inasukuma pale nyingine zinapovuta), ili besi ifutike upande wa jukwaani. Unagharimu nguvu kidogo mbele, lakini jukwaa linatulia, na hapo ndipo faida ilipo.

Kelele ya jukwaani

Huu ndio mzigo ambao bendi hubeba yenyewe. Hesabu ni rahisi na haina huruma. Ufaransa, kwa amri ya mwaka 2017, inaruhusu desibeli 102 kwa kipimo cha A, kinachopunguza besi kama sikio, wastani wa dakika 15, na 118 kwa kipimo cha C, kinachohesabu besi pia. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza 100 kwa dakika hizo hizo 15. Sasa, kama dramu na amplifaya peke yake, spika kuu zikiwa zimezimwa, zinafikisha desibeli 98 kwenye miksa, na kikomo ni 102, spika kuu zinabaki na 99.8. Ndani ya nafasi hiyo isiyofika desibeli 2 juu ya kelele ya jukwaa ndimo mwimbaji anapaswa kusikika. Hasikiki. Hakuna miksa ya bei yoyote itakayomwokoa.

Pima hili kabla ya kubishana: zima spika kuu, bendi ipige wimbo wake wenye nguvu zaidi, soma kipimo kwenye miksa. Ukiwa na nafasi ya desibeli 10 chini ya lengo lako, unatawala. Ukiwa na 6 unamudu. Chini ya hapo unafuata tu jukwaa linakokwenda.

Amplifaya ya gitaa ya wati 100 haipungui sana ukileta ya wati 50. Tofauti ni desibeli 3 tu. Ukishuka hadi wati 20 umepata 7, na wati 10 ndiyo 10, kiwango ambacho sikio huhesabu kama nusu ya ukubwa. Lakini mara nyingi tatizo ni mwelekeo. Kabati la spika nne za inchi 12 hutupa masafa ya juu mbele kama tochi. Mpigaji amesimama karibu, mwale unampita magotini, anasikia sauti butu, anaongeza makali. Walio safu ya tatu, mbele kabisa ya mwale, wanapata kisu masikioni. Inua kabati hadi kimo cha masikio yake, au liegemeze nyuma limwelekee usoni, naye atapunguza mwenyewe bila kuombwa. Njia nyingine ni kulielekeza pembeni ya jukwaa, au kuliweka nyuma ya pazia na kumpa mpigaji sauti yake masikioni.

Dramu hazina kitufe cha kupunguza. Kioo cha plastiki mbele ya matoazi kinasaidia kidogo, na matoazi mepesi yanasaidia zaidi. Katika ukumbi mdogo, ambapo mlio wa dramu wenyewe unafika kwa watu, chelewesha spika kuu zilingane nazo. Kiki ikiwa mita 4 nyuma ya mstari wa spika, weka milisekunde 11.7. Kiki inakuwa moja badala ya mbili zinazofuatana, na unashangaa ilivyonenepa bila kuongezwa.

Maiki

Maiki ya gitaa inayowekwa kwa macho kila usiku hutoa gitaa tofauti kila usiku. Katikati ya koni ya spika sauti ni kali, ukienda ukingoni inakuwa butu, na sentimita moja inatosha kusikika. Piga alama ya utepe kwenye kitambaa cha kabati, na nyingine kwenye stendi kwa urefu. Kabati likiwa na spika nne, chagua moja na ubaki nayo ziara nzima.

Kwa mwimbaji, umbali ndio kila kitu. Akitoka sentimita 2 hadi 4, sauti yake inashuka takriban desibeli 6, wakati matoazi yanayovuja kwenye maiki hiyo hiyo yanabaki vile vile. Akifumba kichwa cha maiki kwa mkono, anaziba matundu ya nyuma yanayoifanya isikie mbele tu, nayo inaanza kusikia pande zote. Mluzi unaofuata, sauti ya spika ikirudi kwenye maiki, si kosa la monita, yaani spika ya jukwaani inayomwelekea mwimbaji.

Uwekaji wa monita nao unategemea aina ya maiki. Ya kadioidi, inayosikia zaidi mbele, huwa kiziwi zaidi nyuma yake kabisa, kwa hiyo monita moja mbele ya mwimbaji inafaa. Ya superkadioidi, yenye usikivu mwembamba zaidi, huwa kiziwi kwenye nyuzi 126 hivi kutoka mbele, na nyuma kabisa inasikia kidogo, kwa hiyo inataka monita mbili zilizokaa pembeni. Ukibadilisha aina ya maiki katikati ya ziara bila kuhamisha monita, usishangae. Kumbuka pia kwamba kila ukiongeza maradufu maiki zilizo wazi unapoteza desibeli 3 kabla ya mluzi kuanza. Maiki za waitikiaji wasioimba wimbo huu zizimwe.

Mwaka 1974 Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani, walipanga ukuta mzima wa spika nyuma yao, bila monita. Ili sauti ya ukuta isirudi kwenye maiki, kila mwimbaji alipewa maiki mbili zilizopinduliwa polariti na kuimbia moja tu, na kilichoingia zote mbili kwa pamoja kilijifuta. Wazo lile lilifanya kazi, ingawa sauti za waimbaji zilitoka nyembamba.

Maiki za juu na chini ya sneya, dramu ndogo yenye mlio mkali, hutazama ngozi zinazosogea kinyume, kwa hiyo ya chini ipinduliwe. Gitaa la besi likiingia kwa kisanduku cha DI (kinachounganisha gitaa na miksa moja kwa moja) na kwa maiki pia, maiki iliyo sentimita 30 mbele inachelewa milisekunde 0.9. Chelewesha DI kiasi hicho, au chagua mojawapo.

Monita za masikioni zimetatua mengi ya haya, zikaleta mambo ya redio. Vifaa viwili visivyo na waya kwenye MHz 520 na 521 huzaa mawimbi ya uongo kwenye 519 na 522, na cha tatu ukikiweka hapo kitakwaruza. Tumia programu ya kupanga masafa, usigawe kwa kukisia. Na masafa halali hubadilika ukivuka mpaka. Marekani ilipiga marufuku sehemu kubwa ya MHz 600 kwa maiki zisizo na waya tangu Julai 2020, kwa hiyo kifaa halali nyumbani kinaweza kuwa haramu huko.

Hewa

Nje ya ukumbi hakuna mwangwi wa kupigana nao, lakini kuna hali ya hewa. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na huongeza mita 0.6 kwa kila nyuzi moja. Mnara wa spika wa nyuma ulio mita 60 kutoka jukwaani unahitaji kucheleweshwa milisekunde 171.9 mchana wa nyuzi 30. Usiku ukishuka hadi nyuzi 15, unahitaji 176.5. Tofauti ya milisekunde 4.6 inatosha kuzitia ukungu konsonanti za mwimbaji kwa wanaosikia spika za mbele na mnara kwa pamoja. Jedwali la nyuzi na milisekunde lililoandaliwa mapema linakaa vizuri pembeni ya miksa.

Unyevu unawashangaza wengi kwa sababu hewa kavu ndiyo inayomeza sauti za juu. Kwenye nyuzi 15, hewa yenye unyevu wa asilimia 20 inapunguza kHz 8 kwa desibeli 202 kwa kilomita. Kwa asilimia 80 inapunguza 83. Kwa msikilizaji wa mita 60, hiyo ni desibeli 12 dhidi ya 5. Matoazi yaliyofifia kwa walio mbali yanaweza yasiwe na uhusiano wowote na spika, na ukiyaongezea makali kwenye spika zote unawatesa walio mbele. Ongeza kwenye zile za juu tu, zinazotazama mbali.

Upepo wa pembeni unafanya sauti za juu zije na kuondoka. Hili halina ekwalaiza. Liache.

Umeme

Kabla ya kuchomeka chochote, pima soketi. Katika nchi za volti 230, kati ya waya wa moto na nyutro (waya wa kurudisha umeme) isomeke takriban 230, kati ya moto na ethi (waya wa ardhini) karibu sawa na hiyo, na kati ya nyutro na ethi volti chache tu. Usomaji mwingine wowote ni sababu ya kumwita fundi umeme, siyo ya kuendelea. Kisha pima kati ya wavu wa maiki ya mwimbaji na nyuzi za gitaa lake. Ukiona volti za maana hapo, midomo yake itazikuta.

Mvumo wa Hz 50 na 100, au 60 na 120 Amerika Kaskazini, mara nyingi unatokana na njia mbili za ethi. Tumia swichi ya kuinua ethi kwenye kisanduku cha DI au transfoma ya kutenganisha. Kamwe usikate ethi ya plagi, kwa sababu hiyo ndiyo inayomlinda mpigaji. Taa na sauti zitoke kwenye vyanzo tofauti. Ukisikia mvumo unaopanda na kushuka pamoja na taa, umeshajua uanzie wapi. Amplifaya za valvu hubadilika tabia volti zikishuka: zinalainika na kukosa ngumi. Japani ni volti 100, kwa hiyo amplifaya ya Marekani ya volti 120 inataka transfoma ya kupandisha, la sivyo gitaa litakuwa na uvivu ambao mpigaji hataelewa ulikotoka.

Sasa miksa

Ukifungua faili la jana, anza na mfumo wa spika wa ukumbi huu, usianze na chaneli, yaani njia ya kila maiki au chombo kwenye miksa. Cheza wimbo mmoja unaoujua kabisa, kwa ukubwa wa onyesho, tembea ukumbi mzima, na urekebishe ekwalaiza ya mfumo hadi wimbo huo ufanane na unavyoujua. Chaneli za jana zitakuwa karibu na mahali pake. Ukianza kugeuza chaneli 32 ili kufidia spika moja mbaya, kesho utaanza upya. Ukubwa una maana hapa, kwa kuwa sikio husikia besi na makali kwa uhafifu zaidi sauti inapokuwa chini. Kikomo kikikulazimisha kushuka desibeli 6, uwiano wa chini unahitaji kusikilizwa tena.

Tamasha lenye bendi nyingi hukupa dakika 20 au 30 za kubadilishana, bila saundicheki. Hapo hakikisha kila mstari unafika kwenye miksa, kwa mpangilio wa umuhimu: sauti ya mwimbaji mkuu, kiki, sneya, besi, magitaa, kisha vilivyobaki. Faili la miksa ya kampuni moja halifunguki kwenye ya kampuni nyingine, kwa hiyo orodha ya chaneli kwenye karatasi, pamoja na aina ya maiki na haja ya volti 48 ambazo baadhi ya maiki na visanduku huhitaji kutoka kwenye miksa, ni kifaa cha kazi. Ngozi za dramu zikazwe upya kabla ya hapo, maana skrubu hulegea kwenye lori, na magitaa yatolewe kwenye makasha angalau saa moja kabla, yazoee joto. Nyuzi zinazopashwa na taa hushuka sauti.

Onyesho linapoanza, usiguse chochote kwenye beti ya kwanza. Sikiliza maneno, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kupotea. Katika wimbo wa kwanza shusha besi iliyobaki baada ya umati kunyonya sauti za juu. Katika wa pili weka magitaa mahali pake. Ifikapo wa tatu, tembea dakika moja hadi pembeni na urudi. Mwisho wa usiku hifadhi faili kwa jina jipya, pamoja na ukubwa wa ukumbi, idadi ya watu, joto, na desibeli ulizosoma spika kuu zikiwa zimezimwa.